Ncha ya Kiatu Si ya Vidole

Pita Gikomba au Toi, masoko ya mitumba ya Nairobi, uone: viatu vilivyochongoka vimetolewa chini ya rundo vikapangwa mbele. Hata wanaume wanaziulizia tena shapushuta, viatu vya ncha ndefu walivyokuwa wakivicheka. Upya hakuna. Uingereza mwaka 1463 ilitunga sheria kumzuia asiye bwana mkubwa kuvaa ncha iliyozidi inchi 2.

Wanunuzi wengi hudhani kiatu cha ncha kinabana kwa kuwa ni kifupi, basi wanapanda saizi. Ncha ni nafasi tupu. Kiatu kizuri huacha sentimita 2 hivi, hata 3, mbele ya kidole kirefu. Kinachobana ni upana, pale kiatu kinapoanza kuchongoka. Kikianzia ubavuni mwa kidole gumba badala ya mbele yake, saizi kubwa haikuokoi: mguu utateleza mbele, kisigino kitachomoka, vidole vitabanwa vilevile.

Dawa ni kadibodi. Jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, simama juu yake kwa uzito wako wote, chora ukishika kalamu wima, kisha kata. Chora miguu yote miwili, uende sokoni na ule mkubwa. Ingiza kadibodi kiatuni; kingo zikikunjika penye vidole, kirudishe, hata kama ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, na muuzaji ameshusha bei.

Halafu bonyeza ncha kwa kidole gumba. Ikirudi, kitambaa kigumu cha ndani ni kizima. Ikibaki na shimo, hakuna polishi ya kulificha. Kunja kiatu: kipinde chini ya vidole, si katikati ya soli. Mtego mkubwa wa mitumba ni soli za poliuritani, aina ya plastiki laini, zilizokaa stoo miaka. Unyevu huzila kimyakimya, nje zinang'aa, na ukizitembelea siku mbili tatu zinamong'onyoka kama keki. Kwangua pembeni kwa ukucha. Zikinata au zikitoa unga, ziache.

Cha ngozi, fundi atakipanua kwa kalibu usiku mmoja au miwili. Utapata milimita chache za upana, urefu hutapata. Cha plastiki hurudia hali yake au hupasuka.

Kabla ya mvua, fundi abandike mpira wa milimita 2 chini ya soli, ufike mpaka kwenye ncha, kwa sababu hapo ndipo lami inapokula na soli kuanza kuachana. Gundi ipakwe pande zote mbili na kuachwa kama dakika 10, hadi isinate kidoleni, ndipo zigandamizwe. Fundi anayebandika ikiwa mbichi anataka umrudie wiki ijayo.

Ncha tupu hupinda juu. Ukivua, jaza tishu mpaka mwisho, hasa kiatu kikilowa. Gazeti hapana, wino wake huchafua ngozi nyeupe. Na usikianike juani wala kando ya jiko. Ngozi itakakamaa na gundi itaachia.