Ati "kubali tu yaishe"? Haiishi hivyo

Mimi nina saiba karibu na korti ya Makadara hapa Nairobi, na kitu kinaniletea pesa si kuprint, ni good conduct, ile karatasi ya polisi inayoonyesha kama una rekodi ya uhalifu. Watu wanaoenda Gulf, masoja wa kulinda geti, madereva, siku hizi hadi msichana anayetafuta kazi ya nyumba anaulizwa hiyo karatasi. Tunaingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, unalipa 1,050, tunaprint fomu, unaenda Huduma Centre kupigwa alama za vidole, unangoja. Wengi inatoka safi. Halafu kuna yule anarudi baadaye uso umekunjana ananiuliza kwa sauti ya chini kama naweza "kuitoa". Kuitoa nini? Ile kesi. Boss, mimi ni mtu wa kompyuta tu.

Ukimpa kiti akuelezee, stori huwa karibu ileile. Alishikwa, akalala seli, asubuhi mtu akamwambia kubali tu yaishe. Huyo mtu anaweza kuwa afande, anaweza kuwa mshukiwa mwenzake ambaye ameingia ndani mara nyingi mpaka anajiona wakili, na mara nyingine ni mama mzazi analia pale nje anataka tu mtoto atoke. Akapanda kizimbani, akasomewa, akasema ni kweli, akapigwa faini, watu wa familia wakachanga kwa M-Pesa wakaenda nyumbani, na kila mtu akaona Mungu amesaidia. Hakuna aliyemwambia kwamba hapo ametiwa hatiani na hiyo kitu imeandikwa mahali.

Na kurudi nyuma ni ngumu kuliko watu wanavyofikiria. Ukikiri mwenyewe, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai hakikuruhusu kukata rufaa kuhusu hatia, unaweza tu kulalamikia adhabu. Njia inayobaki ni kuonyesha kwamba kukiri kwenyewe hakukufanywa sawa, manake tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 inajulikana korti inafaa kukusomea shtaka kwa lugha unayoelewa, jibu lako liandikwe, kiongozi wa mashtaka aeleze kilichotokea, halafu uulizwe kama hayo maelezo ni ya kweli. Ukisema "ni kweli nilikuwa nayo lakini niliinunua", hapo hujakiri, hakimu anafaa kuandika umekana. Lakini kupigania hiyo kitu baadaye, ukiwa na siku 14 pekee za kukata rufaa na pesa yote imeisha kwa faini, wacha tu.

(Mkishangaa nimejulia wapi vifungu, naprint hizi karatasi kila siku na macho ninayo.)

Watu wanadhani wakili wa jinai ni ile kelele ya kizimbani, kupiga meza na kumhoji shahidi mpaka atoe jasho. Hiyo iko, lakini wale wazuri mimi huwaona mapema, wamekuja kuprint barua. Tangu katiba ya 2010 anayeamua kama mtu atashtakiwa ni DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka ya umma, si afande wa kituo, kwa hivyo kuna muda kabla ya mashtaka kusomwa ambapo wakili anaweza kuandikia ofisi ya DPP aseme huu ushahidi hautoshi, au hii ni kesi ndogo na kijana hajawahi kushikwa, tuitoe kortini. Ile sera ya 2019 ya kuelekeza kesi ndogo nje ya korti iko kwa sababu hiyo, mtu anakubali alichokosea, anaomba msamaha, analipa hasara, na kesi haifiki kwa hukumu. Hiyo ndiyo njia safi kabisa na ndiyo watu wengi hawaijui, wanangoja kupigiwa simu kijana akiwa tayari rumande ya Industrial Area.

Chukua hii ya simu, manake hapa ndiyo naiona sana. Kijana amenunua simu ya mkono wa pili huko town, bei poa, hakuna risiti. Miezi inapita, inafuatiliwa, anashikwa nayo, anashtakiwa kuiba na kama si kuiba basi kupatikana na mali ya wizi, na hiyo ya pili peke yake inaweza kwenda hadi miaka 14. Kijana anajiambia si walinipata nayo, nitasema nini? Lakini sheria haiulizi kama ulikuwa nayo tu, inauliza kama ulijua, au ulikuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Wakili akiingia anatafuta ule ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyonunua, anatafuta chati alizoongea na muuzaji, anaitisha maelezo ya mashahidi manake katiba kifungu cha 50 inasema uone ushahidi mapema, na hapo kesi inabadilika sura. Na kabla ya hayo yote alishamwambia anyamaze kituoni, asiandikishe chochote eti kwa sababu tu afande ni mpole na amemnunulia chai.

Kuna watu huniuliza kama hii si kusaidia wezi kutoroka. Sioni hivyo. Ukipigwa faini pesa inaenda kwa serikali, mwenye mali mara nyingi anaenda nyumbani mikono mitupu. Wakikaa chini akalipwa, analipwa yeye. Ila kesi za ubakaji na unajisi usiniletee hiyo stori ya wazee kukaa chini wakagawana mbuzi, hizo mlalamishi hawezi kuziondoa tu vile anataka na ni vizuri ziwe hivyo.

Sasa sikia mahali watu wanachezwa. Kesi "ikiondolewa" si kitu kimoja. Ikiondolewa na kiongozi wa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kabla hujaitwa kujitetea, unaachiliwa lakini hujaondolewa lawama, wanaweza kukushika tena kwa jambo lilelile, na hiyo faili bado inaning'inia. Mlalamishi akiondoa malalamishi chini ya 204 na hakimu akakubali, hiyo ni kuachiliwa huru kabisa. Mlalamishi asipofika, wakili aliye macho anaomba 202, kesi itupwe, badala ya kukaa kimya inaahirishwa tena na tena. Na upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi bila kitu cha maana, kuna 210, huna kesi ya kujibu, nenda zako. Familia nyingi zinasherehekea 87(a) zikidhani ni 204, halafu miaka miwili baadaye mtu ako hapa kwangu anatoa jasho mbele ya skrini.

Hata mambo yakiwa mabaya, ushahidi umesimama na kila mtu anaona, bado kuna kazi. Sheria ya probesheni kifungu cha 4 inaruhusu hakimu kuona shtaka limethibitishwa lakini akupe probesheni, yaani ukae nje ukiangaliwa na afisa, bila kukutia hatiani, miezi sita hadi miaka mitatu. Hiyo lazima mtu aiombe, na aiombe vizuri, na ripoti ya afisa wa probesheni isome vizuri, kwa hivyo chifu, mwalimu, pasta, wote wanatafutwa. Mshtakiwa peke yake husema tu "naomba msamaha mheshimiwa nina watoto" na kila mtu kwenye foleni amesema hivyo.

Pesa ndio shida, najua. Lakini Kituo cha Sheria wako tangu 1973 wanasaidia watu wasiojiweza, na tangu sheria ya 2016 kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria. Kabla ulipe mtu yeyote amevaa suti pale nje ya geti, tafuta jina lake kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili, inaonyesha kama ana leseni ya kufanya kazi. Dakika mbili. Mabroka ni wengi na wanaongea kuliko mawakili.

Na ukiachiliwa huru usiende tu kula nyama choma. Enda rejista ya korti uombe nakala ya uamuzi iliyothibitishwa, na muhuri wa korti, uipeleke DCI, wale polisi wa upelelezi, Kiambu Road warekebishe rekodi, usidhani korti na polisi wanaongea kila jioni. Fotokopi nitakutolea mimi, ya kubaki nayo nyumbani.