Prostaglandini ipi? Kabla hujaiweka kwenye seli za lukemia zenye virusi

Hapa Dar es Salaam prostaglandini, kemikali za mwili zinazopeleka ujumbe kwa seli, zinajulikana zaidi wodi ya wazazi kuliko maabara. Misoprosto anayopewa mama ili asivuje damu baada ya kujifungua ni ndugu wa prostaglandini E1. Diklofenaki, inayouzwa duka la dawa lolote kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, hutuliza maumivu kwa kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini mwilini. Ndiyo maana mwanafunzi akisoma kwamba "prostaglandini huzuia seli za lukemia (saratani ya damu) zilizoambukizwa virusi", anafikiria kitu kimoja. Si kimoja, na majaribio mengi huharibika hapo hapo, kabla pipeti haijashikwa.

Kundi la E, lenye PGE2 (PG ni kifupi cha prostaglandini), hufanya kazi kupitia vipokezi vilivyo juu ya seli. Vipokezi EP2 na EP4 vikiguswa, cAMP, molekuli inayobeba ujumbe ndani ya seli, hupanda. Kundi la A na la J halihitaji vipokezi hivyo. Pete yao ya kaboni tano ina ketoni iliyo jirani na kifungo maradufu, na sehemu hiyo hunasa salfa ya sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. PGA1, PGJ2 na 15d-PGJ2 zote zina silaha hiyo, PGE2 haina.

Tuchukue HTLV-1, kirusi kinacholeta lukemia ya seli T za watu wazima. Ugonjwa wenyewe ulielezwa Japani mwaka 1977 na Takatsuki na wenzake, na kirusi kilitangazwa mwaka 1980 kutoka maabara ya Robert Gallo, Marekani. Protini yake iitwayo Tax hushikamana na NEMO, kiungo cha kimeng'enya IKK kinachowasha NF-κB, protini inayoamrisha jeni, na hivyo NF-κB hubaki imewashwa muda wote. Seli zilizoambukizwa huitegemea NF-κB ili zisife. Mwaka 2000 kazi ya Gabriella Santoro, Michael Karin na wenzao ilionyesha kwamba PGA1 na 15d-PGJ2 huzima IKK kwa kuikamata sisteini namba 179 ya IKKβ, sehemu mojawapo ya IKK. Yaani zinapiga pale pale kirusi kilipoegemea. Tena mwaka 1989 kundi la Santoro lilikuwa limeonyesha kwamba prostaglandini zinazozuia ukuaji huzifanya seli za K562, za lukemia ya binadamu, zitengeneze HSP70, protini ya kujikinga na joto.

PGE2 inaweza kufanya kinyume. Sehemu ya jenomu ya HTLV-1 inayoongoza unakili wa jeni zake ina vipande vinavyofanana na vile vinavyoitikia cAMP. Ukipandisha cAMP, unaweza kumwamsha mdudu uliyetaka kumlaza. Kwa hiyo sentensi "tuliweka prostaglandini" bila kutaja aina haina maana yoyote.

Sasa mezani. PGA1 ina uzito wa molekuli 336.5. Miligramu 1 ukiiyeyusha katika mikrolita 297 za ethanoli safi unapata mchanganyiko wa milimola 10 kwa lita. Igawe kwenye vichupa vidogo vyenye mfuniko wa kukaza, uhifadhi kwenye nyuzi −80, au −20 kama huna jinsi. Joto la Dar si rafiki: kichupa kikiachwa wazi mezani, ethanoli hupaa na dozi yako ya wiki ijayo itakuwa kubwa kuliko unavyodhani. Umeme ukikatika, usifungue friza. Mzigo ukichelewa uwanja wa ndege na barafu kavu ikaisha, usiuamini kabla ya kuupima.

Kuupima ni rahisi kwa spektrofotomita ya miali ya urujuanimno. PGA hufyonza mwanga kwenye nanomita 217. Ukiona kilele kwenye 278, sehemu yake imeshageuka kuwa PGB, ambayo haina nguvu hiyo. PGE2 nayo hupoteza maji polepole ikiwa kwenye nyuzi 37 na kuwa PGA2. Hili nalisisitiza kwa sababu linapotosha watu wengi: ukiona PGE2 kwa mikromola 30 imezuia ukuaji baada ya siku tatu, huenda unaitazama kazi ya PGA2. Weka PGE2 mpya kila siku kwa dozi ndogo, mikromola 1 au chini, ndipo uzungumzie vipokezi.

Usidondoshe mikrolita 1 ya ethanoli moja kwa moja kwenye kishimo cha sahani ya seli. Seli zilizo chini ya tone huungua kwanza. Tengeneza midiamu (maji yenye chakula cha kukuzia seli) yenye dozi maradufu: mikrolita 2 za milimola 10 katika mililita 1 hutoa mikromola 20. Chukua nusu mililita yake, uiongeze kwenye nusu mililita ya seli 400,000 kwa mililita. Unabaki na mikromola 10, seli 200,000 kwa mililita, na ethanoli asilimia 0.1. Kishimo cha ulinganisho kipate ethanoli ile ile, si midiamu tupu. Dozi za mikromola 3, 6, 12 na 24 hutosha kuanzia. Hesabu seli kwa rangi ya buluu ya tripani, inayoingia seli zilizokufa tu, saa ya 24, 48 na 72. Kipimo cha MTT peke yake hakitoshi, maana kinapima umetaboli, na seli iliyosimama kugawanyika inaweza kuonekana kama imekufa.

Dawa ikikataa kufanya kazi, chunguza midiamu kwanza. RPMI 1640, midiamu ya kawaida, huwekewa glutathioni miligramu 1 kwa lita, takriban mikromola 3, na glutathioni hunasa PGA. Wanaokuza limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, huongeza pia merkaptoethanoli mikromola 50, na hiyo inaweza kuimaliza dozi ya mikromola 12 kabla haijafika kwenye seli. Albumini ya seramu nayo hushika sehemu kubwa. Ukitoka seramu asilimia 10 kwenda 2, dozi ile ile inaweza kuua badala ya kuzuia. Usilinganishe matokeo ya seramu mbili tofauti.

Kutofautisha kuzuia na kuua, osha seli baada ya saa 24, uzirudishe kwenye midiamu isiyo na dawa. Zikianza tena kugawanyika, zilikuwa zimesimama tu.

Kwa MT-2, seli zinazotoa HTLV-1, watu hupima p19, protini ya kirusi hicho, kwenye midiamu iliyo juu ya seli kwa ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili. Seli zikipungua nusu, p19 nayo itapungua nusu hata kama kirusi hakijaguswa. Gawanya p19 kwa idadi ya seli hai. Bila hesabu hiyo sikubali dai lolote la kuzuia virusi, hata grafu iwe nzuri namna gani.

MT-2 ni hatari kweli: kabati la usalama, glavu, hakuna sindano. Taka ziloweke kwenye klorini asilimia 0.5, kwa Jik ya asilimia 3.5 ni sehemu 1 kwa maji sehemu 6, ichanganywe upya kila siku kwa kuwa joto huiharibu.

Na kwa ndugu mwenye mgonjwa Ocean Road, hospitali ya saratani, aliyefika hapa akitafuta tiba: haya yote ni ya seli kwenye vishimo. Misoprosto ya duka la dawa ni ya kundi la E, haina ile pete ya kunasa sisteini, na kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Usimpe mgonjwa, wala usimsimamishie dawa alizoandikiwa na daktari wake.