Siku moja na kwezi wa Laikipia: nani kamlisha nani?

Saa 11:15 alfajiri

Baridi ya Laikipia haina adabu. Ukiwaambia watu unafanya kazi karibu na ikweta, wanadhani unaamka na jasho. Mimi naamka na sweta mbili, namimina chai kwenye chupa, nachukua mandazi ya jana na daftari. Mzee, askari wetu, ameshasimama kando ya gari na bunduki yake, anasoma udongo.

"Ndovu wamepita hapa. Kinyesi bado kina mvuke. Tupitie juu."

Tunapitia juu. Kwa mambo ya ndovu simbishii mzee.

Saa 12:30

Kazi yangu ni kuandika nani analeta chakula kwenye kiota cha nani, basi. Ndege wenyewe ni kwezi maridadi: mgongo wa buluu unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu, mkanda mweupe kifuani, na jicho jeupe linalokukodolea kama la mwalimu wa zamu. Kama umewahi kula chakula cha mchana kwenye mbuga yoyote ya Kenya au Tanzania, huenda ameshakuibia chipsi.

Gari ndilo maficho yetu, maana ndege wamelizoea. Kiota cha leo kiko kwenye mgunga wenye vinundu, ule unaokaliwa na sisimizi wakali. Ni kuba la vijiti vya miiba lenye tundu pembeni, na ndani makinda yanapiga kelele. Dume na jike wanafanana kabisa, kwa hiyo kuwatofautisha kunahitaji tone la damu na maabara. Kumjua mmoja mmoja ni kazi ya pete za miguuni: moja ya chuma yenye namba, nyingine za plastiki za rangi. Unazisoma kwa teleskopu katika sekunde mbili, ndege akiwa na panzi mdomoni na haraka zake.

Anakuja mama mtu. Anakuja baba. Kisha anatua wa tatu, pete mbili za njano mguu wa kushoto, na kiwavi mnene. Analisha, anaondoka. Baada ya dakika nne yuko tena. Halafu wa nne, wa tano. Kufikia saa 2 nimeandika walishaji sita kwenye kiota chenye wazazi wawili, na Njano-Njano amemshinda hata baba kwa safari.

Kundi moja la kwezi linaweza kuwa na ndege saba au likafika sitini, na katika msimu mmoja jozi kadhaa hutaga ndani ya kundi hilo hilo. Wengine hawatagi, wanasaidia. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa ya damu: unamlisha mdogo wako kwa sababu mna ukoo mmoja. Ni kweli, kwezi hupenda kuwasaidia ndugu kwanza. Lakini Njano-Njano si ndugu wa hawa. Yeye ni mgeni aliyehamia kutoka kundi jingine, kama wafanyavyo majike wengi wa kwezi, ilhali madume wengi hubaki nyumbani.

Saa 3:40

Ghafla kelele kali. Nguchiro anapanda mgunga. Kundi zima linamshukia, hata wale ambao sijawaona wakileta chakula tangu asubuhi, wakimrukia kichwani mpaka anateremka. Tumbili walio kwenye miti ya mbali nao wametega masikio. Kule Amboseli, watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waliwahi kuonyesha kwamba tumbili huielewa milio ya hatari ya kwezi.

Kiota chetu kimepona. Cha mti wa pili, nilichokiandika juzi, ni kitupu. Sijui ni nguchiro huyu au mwingine. Naandika "kimeharibiwa", na tarehe. Viota vingi huishia hivi, na kila mara mkono unakuwa mzito.

Saa 6 mchana

Jua limewanyamazisha wote. Tunakula githeri chini ya gari. Namsimulia mzee habari za ndege wengine, keremkerem wa paji jeupe waliochunguzwa karibu na Nakuru na Steve Emlen na Peter Wrege: baba humsumbua mwanawe aliyeoa, humzuia kumlisha mkewe, mpaka kijana anaacha kiota chake na kurudi kusaidia kwa wazazi. Mzee anacheka hadi anaweka sahani chini. "Huyo baba namjua. Anakaa Doldol."

Kisha namweleza kuhusu Njano-Njano. Kituo cha utafiti cha Mpala, hapa hapa Laikipia, kwezi wameandikwa tangu 2001, na mwaka 2025 jarida la sayansi la Nature lilichapisha kilichoonekana katika miaka 20 ya madaftari: ndege hubadilishana zamu. Aliyesaidiwa mwaka huu huja kumsaidia aliyemsaidia, hata kama hawana undugu, na hata baada ya misimu kadhaa. Usingeliona hilo kwa mwaka mmoja.

"Kumbe wana osotua," anasema mzee.

Kwa Wamaasai neno hilo maana yake ya kwanza ni kitovu, kile kinachomuunganisha mama na mtoto. Pia ni urafiki wa kupeana: ukame ukikumaliza, unamwendea mtu wako wa osotua, anakupa mbuzi.

"Na unamrudishia?"

"Siyo deni. Akipatwa na shida atakuja, kama ninacho nitampa. Wewe ndiye unayehesabu, mama. Ndege hahesabu."

Nilitaka kubisha. Mtu anayelipwa kuhesabu hapendi kusikia hivyo. Lakini mvua za hapa hazina ahadi, na nchi kama hiyo ndiyo inayopendwa na kwezi wanaolea pamoja. Nikanyamaza, nikala.

Saa 9 alasiri

Mvua. Gari limekwama. Saa nzima ya matope, hakuna data.

Saa 2 usiku

Naingiza rekodi kwenye kompyuta kabla betri ya sola haijaisha. Nafungua za zamani nimtafute Njano-Njano. Misimu mitatu nyuma alitaga, kiota kikaharibiwa makinda yakiwa na siku chache tu. Kwenye orodha ya waliomletea chakula yumo mama wa kiota cha leo. Safari kumi na moja.

Simu inalia. Ni jirani yangu wa plotini Nanyuki, anayekaa na binti yangu nikiwa kambini: "Kala, kaoga, kalala. Jumamosi naenda matangani, wangu wawili nitakuletea."

Namjibu: walete.