Ijumaa ya Kuhesabu X

Bongo wanasema tulioko Ulaya tunabeba maboksi. Mimi Ijumaa ile, tarehe 5 Mei 2023, niliyabeba kweli. Yalikuwa maboksi ya kura.

Nilikuwa nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na rafiki akanitumia ujumbe kwamba wanatafutwa makarani wa kuhesabu kura za madiwani na meya wa Leicester, jiji la Uingereza ninakoishi. Niliomba kwa ajili ya hela, sitajisingizia uzalendo. Barua ya kukubaliwa ilisema nivae viatu vya kunifaa kusimama. Nilivaa raba, kisha nikakaa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima.

Lakini habari hii inaanza jana yake, na jirani yangu Ba. Ba kwa Kigujarati ni bibi, na mtaa mzima unamwita hivyo. Alizaliwa Jinja, na Kiswahili chake ni kile cha dukani, cha kuuzia sukari na vitambaa. Nilipohamia pale na kusikia kizee cha Kihindi kikiniambia "karibu, wewe natoka wapi?" juu ya ua wa nyuma, nilikaribia kulia. Tangu hapo sijawahi kupita mlangoni kwake bila shikamoo, naye haachi kuitikia "marahaba, mtoto" kwa sauti ya mtu aliyekumbushwa jambo zuri.

Mwaka ule ndio kwanza Uingereza ilianza kudai kitambulisho chenye picha kwenye uchaguzi wa mabaraza. Ba alikuwa na wasiwasi kwa siku kadhaa, maana pasipoti yake ilikuwa kwa mwanawe. Nikamwambia kadi yake ya wazee ya kupandia basi bure inatosha. Hakuamini mpaka msimamizi wa kituo alipoitazama, akamtazama na yeye, akampa karatasi. Mimi nilitoa pasipoti yangu ya Tanzania, ile ile inayonichelewesha kila uwanja wa ndege, na hapo ikapokelewa bila swali. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali anapiga kura kama wenyeji. Nina jamaa waliokaa miaka kumi bila kulijua hilo.

Kitu ambacho sikukizoea ni ile X. Nyumbani tunaweka alama ya vema. X ni ya mwalimu wa hesabu, ni kosa, ni rudia tena. Kule unamwekea X unayempenda, kwa penseli iliyofungwa kwa kamba. Wala hupakwi wino kidoleni. Nilitoka nje nikikiangalia kidole changu kisafi, nikahisi kama sijapiga kura.

Tukirudi taratibu, Ba alinisimulia tena habari ya gazeti. Nilishaisikia mara nyingi, nami nilimwacha aimalize. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda. Mwezi Septemba halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia, kwa faida yenu wenyewe, msije kwetu: nyumba hazitoshi, shule zimejaa.

"Mume yangu nasoma," alisema Ba. "Nasema, Leicester hii iko wapi? Sisi hapana jua Leicester. Kama nalipa pesa kusema usikuje, basi iko kitu mzuri huko." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi, Ijumaa asubuhi, mimi mtu wa Tanga nilikaa mezani kuihesabia halmashauri hiyo hiyo kura zake. Kwetu kura zinahesabiwa pale pale kituoni, usiku, na matokeo yanabandikwa ukutani watu wayaone. Kule masanduku yote ya jiji yanaletwa kwenye ukumbi mmoja mkubwa wenye taa kali. Makarani tunakaa upande mmoja wa meza, mawakala wa vyama wanasimama upande wa pili, na baina yetu kuna kanuni moja wanayoirudia kila saa: wao watazame wanavyotaka, wasiguse karatasi.

Kazi ya kwanza ni kuhakiki, hujali nani kapigiwa nini. Unamwaga sanduku, unatenga karatasi za meya na za madiwani, unahesabu, unalinganisha na hesabu aliyoandika msimamizi wa kituo usiku. Sanduku letu la tatu lilipungua karatasi moja. Moja tu! Tukarudia. Ikapungua tena. Kiongozi wa meza, mama mmoja mpole, akatuambia tubadilishane mafungu. Yule aliyelipokea fungu langu ndiye aliyeiona: karatasi mbili zilizokunjwa pamoja kama chapati, nami nikazihesabu kama moja, mara mbili mfululizo. Nilisikia masikio yanawaka. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku juzi yake, lakini hicho si kisingizio cha kumwambia mtu ambaye kura yake ungeipoteza.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Leicester ina kata 21 na madiwani 54, kata nyingine watatu, nyingine wawili. Kwa hiyo katika kata ya watatu kila mtu ana X tatu. Waliompa chama kimoja zote tatu ni rahisi, unawafunga mafungu na kusonga mbele. Shida ni wale waliochanganya. Karatasi zao zinapangwa kwenye ubao zikipandana, ikibaki wazi safu ya alama tu, kisha unasoma mstari kwa mstari. Wenyewe wanaziita sketi za majani. Mimi niliona makuti. Niliwaona kabisa babu zangu wanaezeka paa, kuti juu ya kuti, na nikawa na mkono mwepesi kuliko wote mezani, nikalipa deni langu la asubuhi.

Na siku hiyo makuti yalikuwa mengi. Majuma machache kabla ya uchaguzi, chama cha Labour, kilichokuwa na karibu kila kiti jijini, kiliwakatalia madiwani wake 19 kugombea tena. Wengine wao wakarudi kwa tiketi za vyama vingine au binafsi. Sasa ungeona X moja ya chama na nyingine ya mtu, kama mpiga kura alikuwa akisema: chama sawa, lakini huyu alinishughulikia bomba langu. Sina hakika ndivyo walivyowaza. Karatasi haisemi.

Kura zenye utata zilipelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi. Mtu aliyepita idadi ya X zake, kura inakufa. Aliyeandika jina lake, inakufa pia, kwa sababu kura ni siri hata kama mwenyewe hataki iwe siri. Lakini mmoja alichora uso unaocheka ndani ya kisanduku kimoja, na ikakubaliwa, maana nia yake imeonekana. Wakala aliyepoteza hoja hiyo hakucheka.

Mbele yangu alisimama kijana wa Labour mwenye ua jekundu la utepe kifuani, akipiga vijistari vyake kwenye daftari. Asubuhi alikuwa anavipiga haraka. Baada ya chakula cha mchana akaanza kuinama zaidi, kisha akaacha kuandika, akawa anatazama tu mikono yangu. Niliona aibu kama vile mimi ndiye ninayemnyang'anya. Upande wa maua ya bluu, wale wa Conservative, walishaanza kukumbatiana.

Mwaka 2019 Labour ilikuwa imechukua viti 53 kati ya 54, na Conservative haikupata hata kimoja. Siku hiyo Labour walibaki na 31, Conservative wakapata 17, wengi wao kutoka mashariki ya jiji, na Liberal Democrats na chama cha Kijani wakapata vitatu vitatu. Jiji lilibaki mikononi mwa Labour, na meya Peter Soulsby alirudi tena kwenye kiti alichokuwa amekikalia tangu 2011. Kwa hiyo walishinda. Lakini kama hujawahi kuona washindi wenye nyuso za msibani, ungekuja pale. Yule kijana wangu alitoa lile ua kifuani, akalitia mfukoni, akaniambia asante. Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia pole, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza neno hilo halina nguvu yoyote.

Nilifika mtaani jua halijazama. Bendera ndogo ndogo zilikuwa zimetandazwa nyumba hadi nyumba, kwa kuwa kesho yake ndiyo Charles anatawazwa. Ba alikuwa mbele ya televisheni, wanaonyesha gari la farasi la dhahabu. Nikamsalimu, nikaketi, nikaanza kumpa viti 31, viti 17, nani kaanguka. Alinisikiliza kwa adabu, macho kwenye gari.

"Mama yake mimi naona Jinja," alisema, akimaanisha Malkia Elizabeth. "Mwaka 54, nafungua bwawa. Mimi mtoto, mwalimu napa sisi bendera." Akaonyesha kwa kidole kimo cha bendera.

Kisha akanigeukia.

"Na wewe, nalipa wewe?"

Nikamwambia bado, watalipa mwisho wa mwezi.

"Andika masaa," akasema Ba, akasukuma bakuli la chevda upande wangu. "Yote. Na ya kuchelewa."