Diski ilikuwa inatoroka kila nikirestati mashine

Dada yangu ana studio ya video za harusi huku Sakina, Arusha, na mimi ndo fundi wake wa kompyuta, fundi wa bure yani, malipo ni chipsi mayai na kuitwa "mdogo wangu mwenye akili". Nilimtengenezea seva ya kutunzia kazi za wateja, mashine ya mtumba tu, nikapiga Debian, aina mojawapo ya Linux, nikatia diski mbili za TB 2 kwa mtindo wa RAID 1, zile pacha, kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile ili moja ikifa harusi ya mtu isife nayo. Moja nilinunua mpya. Nyingine nilikuwa nayo, nilikuwa naitumia kwenye kasha la USB kubebea muvi, nikaichomoa humo nikaipachika ndani.

Shida ilianza kipindi cha masika. Umeme ukikatika, UPS, ile betri ya akiba, inashika dakika kumi hivi afu nayo inachoka, mashine ikija kuwaka ukisoma /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya RAID, unakuta [U_] badala ya [UU]. Pacha mmoja hayupo. Data zote zipo, dada anaendelea kukata video zake hana habari, ila tunatembea na mguu mmoja. Naingia kwenye mdadm, programu ya Linux inayosimamia RAID, naandika mdadm --manage /dev/md0 --add /dev/sdb, yani rudisha diski sdb kwenye kundi md0, inakubali bila kelele, inaanza kunakili upya masaa manne na kitu, kesho yake [UU], nafunga laptop nalala. Wiki mbili mbele umeme unakatika tena na mambo ni yaleyale.

Nilifanya hivyo karibu miezi mitatu aisee. Dada akiniuliza "mdogo wangu, hii kitu imepona au imelala?" namwambia imepona dada, ni huu umeme tu.

Siku moja mwezi wa saba, baridi ile ya Arusha ya kuvaa jaketi ndani ya nyumba, nikasasisha kerneli, ule moyo wa Linux, nikarestati mwenyewe kwa amri, umeme upo, UPS imejaa. Ikarudi [U_]. Nikabaki naangalia tu. Kumbe miezi yote hiyo namsingizia umeme wa watu.

Basi nikaanza kusaka mchawi. Wa kwanza waya, maana kila mtu atakwambia ni waya. Nikapanda daladala hadi mjini, maduka ya karibu na Mnara wa Saa, nikachukua waya mpya wa SATA elfu tano, nikarudi nikabadilisha, nikaongeza diski, nikasubiri masaa yake, nikarestati, [U_]. Hapo ndo nikakumbuka kufanya kitu ambacho ningefanya kabla ya kupanda daladala, kusoma smartctl -a, ripoti ya afya ya diski. Namba 199, ile inayohesabu makosa ya mawasiliano kwenye waya, ilikuwa sifuri. Namba 5 na 197 za sekta zilizooza nazo sifuri. Diski nzima, waya wa zamani ulikuwa mzima, elfu tano yangu imeenda.

Mshukiwa wa pili ni mipangilio. Ukiuliza watu kuhusu hii shida wengi watakwambia mdadm.conf, faili la mipangilio, ina UUID (namba ya utambulisho wa kundi) ya zamani, sahihisha halafu piga update-initramfs -u ili mashine ikibuti ijue diski zipi ni za kundi lipi. Ushauri mzuri kabisa na kwa wengi ndo dawa. Kwangu UUID ilikuwa ileile, nikapiga amri hivyohivyo kwa imani tu, haikusaidia.

Kilichonifumbua macho ni yale masaa manne. RAID kubwa za siku hizi mdadm anaziwekea bitmapu, kidaftari cha kuandika sehemu gani imebadilika, kwahiyo diski ikiachwa nyuma kidogo afu ikarudi inajazwa yale yaliyobadilika tu, dakika chache imeisha. Hii ya kwangu kila mara ilikuwa inanakiliwa kuanzia sifuri mpaka mwisho. Maana yake mdadm alikuwa hamuoni kama ndugu aliyechelewa kurudi nyumbani, alikuwa anamuona mgeni kabisa, hana hata kitambulisho. Sasa nani anamnyang'anya kitambulisho njiani?

Nikasubiri inakiliwe hadi ikamilike. Nikapiga mdadm --examine /dev/sdb, kitambulisho kipo, ndo kinaitwa supabloku, safi, jina la kundi, kila kitu. Nikanakili sekta 34 za mwanzo wa diski kwa dd nikaziita kabla.bin. Nikarestati. [U_]. Nikanakili tena sekta zilezile nikaziita baada.bin, nikazilinganisha kwa cmp, ikasema tofauti ya kwanza ipo baiti ya 4097. Na --examine sasa haikuonyesha supabloku tena, ilionyesha "MBR Magic : aa55" na mstari wa sekta 3907029167 wenye "type ee" mwishoni.

Hapo nikacheka peke yangu kama chizi. Type ee ni alama ya GPT, ramani ya patisheni, yani ya vipande diski inavyogawanywa. Mimi sikuweka patisheni yoyote, niliipa mdadm diski nzima nzima. Ramani hiyo ilikuwa ya zamani, ya enzi za kasha la USB na muvi.

Ilivyokuwa ni hivi. GPT inajiandika mara mbili, nakala moja mwanzo wa diski na nyingine mwisho kabisa. Supabloku ya mdadm toleo 1.2 inakaa KB 4 kutoka mwanzo, kuanzia baiti ileile ya 4097, yani inaangukia katikati ya jedwali la GPT la mwanzo. Nilivyotengeneza RAID, mdadm akaandika kitambulisho chake juu ya jedwali hilo, safi, ila ile nakala ya mwisho wa diski ikabaki salama, kule mwishoni kuna sekta chache RAID haikuzigusa. Sasa mashine ikiwaka, BIOS ya mazabodi, programu inayoamka kabla ya Linux, inakagua diski, inaona ramani ya mwanzo imeharibika, inaona ya mwisho ni nzima, inasema ngoja nimsaidie huyu ndugu. Inachukua ya mwisho inairudisha mwanzo. Inafuta supabloku. Linux ikija kuamka inakuta diski isiyo na jina. Si mazabodi zote zina huu ukarimu, nyingi zinaiacha kama ilivyo, mimi nikaangukia yenye huruma. Na ile diski mpya ya dukani haikuwahi kuwa na ramani yoyote ndo maana yenyewe haikuguswa hata siku moja.

Nikanakili kwanza kazi ambazo dada hajawakabidhi wateja kwenda diski ya nje, maana muda wote huo zilikuwa zimesimama kwenye diski moja. Afu nikaangalia namba za utambulisho (serial) za diski kwa lsblk -o NAME,SERIAL, hizi herufi za sda na sdb zinaweza kubadilishana mashine ikirestati na ukifuta isiyo yenyewe utahama mji. Nikapiga sgdisk --zap-all kwenye sdb, hiyo inafuta ramani ya mwanzo na ya mwisho pia.

Nikajifanya mjanja, nikasema sasa nifanye kiutaalamu, niweke patisheni moja ya aina ya RAID halafu niongeze sdb1, kwa sababu diski yenye patisheni halali hakuna BIOS wala programu itakayoiona tupu ikataka kuitengeneza. Mdadm akanigomea, "not large enough to join array". Ni kweli, patisheni inakula nafasi kidogo mwanzo na mwisho, na kundi lilishapimwa kwa diski nzima. Ili ikubali ningetakiwa kupunguza mfumo wa mafaili kwanza halafu kundi lenyewe, au kujenga kundi jipya pembeni na kuhamisha kila kitu. Saa sita usiku, baridi, na harusi ya Jumamosi haijamaliziwa. Nikafuta patisheni, nikaongeza diski nzima kama zamani, tofauti ni kwamba safari hii mwisho wake hauna kitu.

Asubuhi [UU]. Nikarestati. [UU]. Nikarestati tena, nikazima kabisa nikachomoa waya wa umeme ukutani nikahesabu hadi mia nikawasha, [UU].

Jambo lililonitia aibu nililikuta baadaye nikisafisha. Kwenye /var/mail/root kulikuwa na barua kibao za "DegradedArray event on /dev/md0", mdadm alikuwa anaandika kila mara, anapiga kelele kwenye chumba ambacho hakuna mtu anaingia. Sasa nimeweka MAILADDR, anwani ya barua pepe ninayoisoma kwenye simu, na nikaweka programu ya kutuma barua nje, nikaijaribu kwa mdadm --monitor --scan --oneshot --test, simu ikalia nikiwa Kilombero sokoni nanunua nyanya.

Patisheni tutafanya tukinunua diski za TB 4, dada ameshaanza kulalamika nafasi. Nilipomuelezea kisa chote, BIOS, ramani, mwanzo na mwisho, akanisikiliza vizuri kabisa akakunja mikono akasema, "kwahiyo ni ile diski yako ya muvi?" Nikamwambia ndiyo dada. Chipsi mayai wiki hiyo nilijilipia.