Kulala nje kwa kupenda

Likizo kubwa ya mwaka 2022 ilipofika nilikuwa nimekwisha kuamua: watoto wangu watatu watalala nje, chini ya hema, kwa kupenda. Niliwaambia jioni, tukiwa bado kwenye sahani ya sombe. "Tunaenda kisiwani Idjwi siku mbili. Tutalala kando ya ziwa." Binti mkubwa na kitinda mimba walirukaruka. Wa katikati, mvulana wa miaka 8, aliacha kula, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, njo tunakimbia tena?"

Safari nzima ilikuwa kwa ajili yake. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Jumamosi usiku, anga la Goma lilipogeuka jekundu, tulisimama barabarani na majirani hatujui tuelekee wapi. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, haikutufikia. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, kuta zikapasuka, na tarehe 27 serikali ikaamuru watu wa kata 10 kati ya 18 za mji waondoke. Tukashika njia ya Sake, kilomita kama 25, katikati ya magodoro yaliyobebwa vichwani na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizojaa masufuria. Usiku tulijibanza chini ya shitingi iliyofungwa kwenye ukuta wa shule. Mvua ikanyesha. Mwanangu alikaa macho mpaka asubuhi, ameshika kikwembe changu.

Tangu tulipotoka Sake, akisikia tu habari ya kulala nje, tumbo lilimuuma. Nami sikutaka akue hivyo.

Hema niliazimwa na shemeji yangu. Siku ya Jumatano tulilifungua uani ili watoto wajifunze kulisimamisha, na hapo hapo tukakwama. Uwanja wetu ni mawe meusi, lava ya mwezi wa kwanza 2002, iliyopita katikati ya mji hadi ziwani. Kigingi cha kwanza kilipinda kama msumari mbovu. Cha pili vilevile. Mzee jirani yetu, aliyekuwa akituangalia kutoka mlangoni kwake, alikuja na jiwe kubwa kuliko kichwa cha mtoto, akalizungushia kamba ya hema, halafu akaliwekea jingine juu yake. "Hapa kwetu, mama, hema linashikwa na mawe." Mvulana wangu akachukua kazi hiyo. Alikusanya mawe manane, akayapanga, na kamba zote akazifunga mwenyewe.

Mzee ndiye aliyeniuliza pia tutalala upande gani. Nilimwambia ni Idjwi, lakini boti ikikosekana kuna kiwanja cha rafiki yangu huko Bulengo, karibu na maji, bei ndogo ya taksi. Alitikisa kichwa. "Utalaza watoto chini, Bulengo? Na mazuku?"

Nililijua neno hilo tangu utotoni, kama kila mtu wa Goma, lakini sikuwa nimelipima kwa urefu wa mtoto aliyelala. Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini penye nyufa. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inatulia mabondeni na kwenye mashimo kama maji kwenye bakuli, hasa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi anaanguka. Na mtoto kwenye mkeka, pua yake iko wapi? Mzee aliwafundisha wanangu dalili: majani yaliyokauka peke yake katikati ya kijani, wadudu na ndege waliokufa, moto wa kiberiti unaozimika karibu na ardhi. Ukiona hivyo, usiingie kuchunguza. Rudi, panda juu. Nilimshukuru sana, na Bulengo nikaisahau.

Mengine yalikwenda haraka. Bidoni ya maji ya lita 20, mbabula na makala ya siku mbili, unga, karanga, chumvi, chandarua, tochi mbili. Majile ya kujiokolea ndiyo yaliyonichukua muda, maana sikukubali kupanda boti kabla kila mtoto hajavaa la kwake na kulifunga mbele yangu. Ziwa Kivu nalipenda, lakini limechukua watu wengi.

Usiku wa kuamkia safari nilikagua mabegi. La mvulana wangu lilikuwa zito. Ndani hamkuwa na nguo hata moja. Kulikuwa na buletini zake za shule, na za dada yake, cheti chake cha kuzaliwa, kadi yangu ya mpiga kura, waya wa simu na unga kidogo kwenye mfuko wa plastiki. Kitu kwa kitu, ndivyo nilivyobeba mimi mwezi wa 5 ule. Sikujua kwamba aliniangalia nikipakia, achilia mbali kukariri.

Nilikaa naye sakafuni. Sikutaka kumwambia aache woga, kwani woga ule nilimpa mimi. Nilimuuliza kila karatasi inakwenda kufanya nini Idjwi. Buletini? Alifikiri, akaitoa. Kadi yangu? Nikamwonyesha pochi yangu, akaona itakaa vizuri humo. Tuliendelea hivyo, polepole, mpaka ikabaki karatasi moja, cheti chake. Hicho hakukitoa, nami nikamwachia. Tukaweka juu yake sweta, kaptura mbili na mpira.

Asubuhi bandarini alinishika mkono mpaka boti ilipoondoka.

Idjwi tulipewa shamba la ndugu wa shemeji, lenye migomba na kahawa. Kabla hatujashusha mizigo alikwisha kutangulia, anainama, anaangalia majani, anapita penye bonde bila kusimama. Alisimama kwenye mwinuko. "Hapa juu, Mama!" Alikuwa tayari anatafuta mawe kwa macho. Nikampa kigingi na nyundo. Udongo wa pale ni mwekundu na laini, na kigingi kiliingia chote kwa pigo moja. Alikitazama kwa mshangao. Halafu akacheka, akakichomoa ili akipige tena.