Siku Moja Mbudya, kwa Saa za Maji

Ninaamka Tegeta saa 10:30 alfajiri, na kabla ya kunawa uso ninatazama jedwali la maji nililolibandika ukutani. Ni siku ya pili tangu mwezi wa Januari uwe mpevu, kwa hiyo tumo katika bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kuliko kawaida: bahari itakupwa kabisa karibu saa 4:30 asubuhi, kisha itajaa hadi karibu saa 10:30 jioni. Ninaongoza watazamaji wa ndege na kuwahesabu ndege wenyewe, na ratiba yangu yote hutoka katika jedwali hilo, kwa kuwa ndege wa ufukweni hula maji yakitoka na hupumzika maji yakijaa, iwe mchana au usiku.

Saa 12:15 nimeshashuka Mtongani na bajaji imenifikisha pwani ya Kunduchi, ambako wavuvi waliokesha baharini wanapakua samaki. Ndege wa kwanza kuingia daftarini ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na ambaye sasa ameijaza Dar es Salaam. Ninamwandika kwa uchungu, maana hula mayai na makinda ya ndege wengine, na mabaki ya chakula yanayotupwa visiwani humwita huko.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Wapandishe wageni wako, kaskazi haijachangamka."

Wageni ni walimu wawili kutoka Morogoro na kijana anayesomea misitu. Tukiwa njiani kuelekea Mbudya ninawaeleza kwamba visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na kwamba sheria ya mwaka 1994 ndiyo iliyounda chombo cha kuzisimamia hifadhi za bahari nchini. Saa 2:00 tunakanyaga mchanga.

Tunaanzia vichakani, chini ya mibuyu, kwa sababu nataka wamwone kaa wa minazi kabla joto halijapanda. Tunampata mmoja ndani ya ufa wa jiwe la matumbawe, ametanguliza gando la kushoto lililo kubwa kuliko la kulia, rangi yake ikiwa kati ya zambarau na buluu. Hakuna kaa wa nchi kavu anayemzidi ukubwa. Aliyekomaa kabisa aweza kufikia kilo 4. Jambo linalonigusa kila nimwonapo ni kwamba jike hurudi ukingoni mwa bahari kuyaachia mayai yake, ilhali yeye mwenyewe akitumbukia majini hufa, kwa kuwa akishakua hawezi tena kuogelea. Kwa hiyo walioko kisiwani hapa hawana pa kukimbilia wakiwindwa.

Kuanzia saa 3:30 tupo upande unaotazama bahari kuu, mwamba ukiwa wazi na madimbwi yaking'aa. Ndege waitwao sululu wametawanyika mmoja mmoja, kila mmoja akiulinda upande wake kwa mdomo mrefu uliopinda, na vitwitwi wanakimbia na kusimama, wanakimbia na kusimama. Kisha mwalimu mmoja ananishika mkono: yupo yule tunayemwita mla kaa botini kwetu, ambaye jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene. Anapiga hatua tatu, anasimama, anadunga. Kaa aliyemnasa anapigwapigwa juu ya jiwe mpaka miguu inakatika, kisha kiwiliwili kinamezwa kizima. Ndege huyu huzaliana kwenye pwani za Uarabuni na za Pembe ya Afrika, na katika ndege wote wa ufukweni ni yeye pekee anayechimba handaki mchangani na kutaga yai ndani yake, mara nyingi moja tu, joto la mchanga likimsaidia kuatamia.

Saa 6:30 mwamba umeanza kufunikwa. Tunakula wali na samaki kwenye kivuli cha mivinje, na wageni wanalala kidogo.

Saa 8:45 huanza sehemu ya siku ninayoithamini kuliko zote. Maji yanapopanda, ndege waliokuwa wametapakaa mwambani hawana pa kusimama, nao hujikusanya kwenye ncha ya mchanga iliyosalia: sululu nyuma, vitwitwi katikati, buabua mbele kabisa, wote wakielekeza midomo upande upepo unakotoka. Ninasimika darubini ya miguu mitatu mbali nao na kuanza kuhesabu kwa makumi. Nimefika nusu boti moja inapoteremsha kundi la vijana papo hapo penye ncha, wakiwa na mpira. Ndege wote wanaruka. Wanazunguka, wanajaribu kutua, wanaruka tena, na kila mzunguko unawagharimu mafuta ya mwilini wanayoyahitaji, kwani wengi wao wataondoka karibu na Aprili kwenda kuzaliana kaskazini ya mbali, hata Siberia.

Ninawaendea wale vijana na kuwasalimu, kisha ninamwomba mmoja atazame ndani ya darubini. Anamwona kitwitwi aliyetua kando, amesimama kwa mguu mmoja, jicho likifumba na kufumbuka. Anatazama kwa muda mrefu. "Kaka, kumbe walikuwa wamelala?" ananiuliza, na bila kungoja jibu anawaita wenzake wauchukue mpira na kuhamia upande wa mabanda ya wageni.

Sululu wanarudi kwanza, baada ya dakika kama ishirini. Ninaanza hesabu upya na kuimaliza saa 10:50, maji yakiwa yameanza kugeuka.

Katika safari ya kurudi Kunduchi, mawimbi ya kaskazi yakitulowesha, nahodha ananiuliza hesabu ya leo nami ninamsomea daftari lote. Ninamwomba azungumze na manahodha wenzake, ili bamvua hii maji yakijaa wateremshe watu upande wa mabanda tu. "Nitawaambia jioni hii tukivuta boti," anasema. "Kesho yanajaa saa ngapi?" Ninamwambia ni kama dakika 40 baada ya saa ya leo, naye anairudia saa hiyo kwa sauti mara mbili ili asiisahau.